Kabla ya Kushika Mkasi, Chana Karatasi

Kila anayekuja kwenye kibanda changu hapa Bombo, Uganda, kujifunza maua ya karatasi huja na hamu ya mkasi. Nauchukua mkasi, nauweka kando, nampa karatasi tupu. "Ichane kwa urefu." Inachanika moja kwa moja, kama kitambaa mikononi mwa muuza nguo. "Sasa ichane kwa upana." Hapo inakwenda mrama, inakata kona, inaacha ukingo wenye manyoya.

Kiwandani, karatasi huanza kama uji wa nyuzi za mti unaomwagwa juu ya wavu unaokimbia. Nyuzi nyingi hulala kufuata wavu unakokwenda, na zikikauka zinabaki na mlalo huo. Ukiikunja karatasi sambamba na nyuzi, inatii. Ukiikunja kwa kuzikatiza, inakaidi, na ikiwa nene inapasuka kwenye mkunjo. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi za kwenda urefu, lakini usiamini mdomo wangu, chana kipande ujionee.

Sasa twende kwenye petali. Unataka ncha yake ijikunje nyuma, kama waridi lililochanua? Basi kata petali nyuzi zikiwa zimelala kwa upana wake, kushoto kwenda kulia. Weka ncha juu ya kalamu, vuta taratibu, itajiviringisha yenyewe. Aliyekata nyuzi zikiwa zimesimama atavuta mpaka jioni, na petali itarudi kunyooka kama haikuguswa.

Karatasi ya mikunjo, ile tunayoiita krepu, ina sheria ya kinyume. Mikunjo yake lazima isimame, kutoka shina la petali hadi ncha. Kisha ishike katikati kwa vidole gumba viwili, uitanue kushoto na kulia, pale katikati tu. Tumbo linatokea, petali inakuwa kama kijiko. Ukitanua hadi ukingoni unapata kitambaa kilicholegea, si ua.

Waridi la kuviringisha ndilo jepesi kuliko yote. Kata duara la sentimita 15, kisha likate kwa kuzunguka kama konokono, utepe wa sentimita moja na nusu, ukingo wake uwe wa mawimbi. Ukifika katikati bakiza kiduara. Anza kuviringisha kutoka nje, ukimaliza legeza vidole kidogo, bandika kiduara chini. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona la kwangu limefumuka lote?" Aliliachia kabla gundi haijashika. Hesabu hadi thelathini, bibi, ua halina haraka.

Gundi iwe nyeupe, nzito, na chache. Uji wa muhogo ni rahisi, lakini maji yake huvimbisha karatasi ikakunjamana, na mende wanaupenda kuliko wateja wanavyopenda maua.

Karatasi sinunui mpya kila mara. Nasser Road, Kampala, kwenye wapiga chapa, mabaki ya kingo zilizokatwa hutoka kwa viroba. Ni membamba, lakini petali haihitaji zaidi. Gazeti nalikwepa kwa ua la kukaa dirishani: lina ligini nyingi, ile gundi ya asili ya mti, na jua huligeuza manjano upesi.

Nililipia ujinga wangu harusi moja ya mwezi Aprili. Niliweka maua ya krepu nyekundu kwenye tao la mlango wa turubai, nje kabisa. Mvua ikaja kabla ya bwana harusi. Krepu ikilowa humwaga rangi, na tao likaanza kudondosha wekundu juu ya kitambaa cheupe cha meza ya zawadi. Nilinunua kitambaa kingine, na tangu siku hiyo krepu yangu haitoki nje ya paa msimu wa mvua.

Shina ni kijiti cha mishikaki. Watu hukizungushia utepe wa kijani wa dukani. Mimi natumia ganda kavu la mgomba. Lilowanishe kidogo lilainike, lichane utepe wa nusu sentimita, anza chini ya ua, zungusha ukishuka kwa mshazari, na ubandike miisho miwili tu. Likikauka linabana kijiti lenyewe. Ukikosa mgomba nyumbani, nenda sokoni kwa wanaoshusha matoke, zile ndizi za kupika, chini ya miguu yao maganda hayo yamejaa tele na hakuna anayeyauza.