Kapsuli mpya ya maiki: yanayosemwa Mtwara na Lindi, na ukweli wake

"Maiki ikikwaruza, kapsuli imekufa." Kwenye studio zetu za Mtwara na Lindi kauli hii inawapotezea maprodyuza fedha kuliko nyingine yoyote. Mara nyingi kapsuli, yaani kile kipande cha ndani ya maiki kinachopokea sauti na kuigeuza umeme, ni nzima kabisa.

Umeme unaotoka kwenye kapsuli ya kondensa, ile inayofanya kazi kwa chaji iliyopo kati ya kiwambo (utando mwembamba unaotikiswa na sauti) na bamba la nyuma yake, ni mdogo mno, na sehemu unakoingia ina rezista, vipande vya kuzuia umeme, za kiwango cha gigaomu, yaani omu bilioni. Hapo unyevu kidogo, mafuta ya kidole au mabaki ya fluksi ya kulehemu yanatosha kuvujisha chaji, nawe unasikia mikwaruzo na milipuko midogo. Pwani yetu hewa ni nzito kwa unyevu na chumvi, na mvua zikianza Desemba hali huzidi. Maiki iliyopoa kwenye kiyoyozi ikikutana na hewa ya nje yenye joto, umande huifuata ndani.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, ifungie maiki siku mbili kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Ikishindikana, safisha eneo la gigaomu kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, bila kugusa kiwambo. Bado? Toa kapsuli, weka mahali pake kapasita (kipande kidogo cha kuhifadhi chaji, kiigize kapsuli) ya pikofaradi 60 hadi 80, kisha funika maiki kwa ganda lake la chuma. Mkwaruzo ukiendelea, mgonjwa ni saketi, na kapsuli mpya haitakusaidia.

Dhana ya pili imeenea zaidi kwa vijana wanaojenga studio nyumbani: kwamba ukiweka kapsuli ya aina ya K67 popote pale, unapata sauti ya maiki za Neumann, kampuni maarufu ya Ujerumani. K67 ilikuja na maiki yao ya U 67 mwaka 1960. Kwa asili yake hunyanyua sana sauti za juu, na wahandisi waliijengea saketi ya kuzishusha, hivyo viwili hivyo ni jozi. Watengenezaji wengi wa maiki za bei nafuu waliiga kapsuli wakaiacha nusu ya pili. Ndiyo maana "s" na "sh" za mwimbaji wa kaswida zinakata masikio, na watu wanalaumu sauti ya mtoto wa watu!

Kama maiki yako ni ya namna hiyo, ama fundi aongeze kwenye saketi sehemu ya kushusha sauti za juu, ama utafute kapsuli ya aina ya K47, ambayo juu ni tulivu na katikati imejaa. Mimi naipendelea hii ya pili kwa kwaya na kwa sauti nzito za kiume. Jina la kapsuli CK12, lililotoka kwenye maiki C 12 ya kampuni ya AKG ya mwaka 1953, lisikuteke. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zinafanana nayo kwa kuungwa waya ukingoni tu, lakini ndani hazina vyumba vya hewa vya ile ya asili.

Kwamba kiwambo chembamba daima ni bora, nalo si kweli. Mikromita 3 au 6 ni sehemu ndogo ya habari. Mpiga ngoma wa Kimakonde huipasha ngoma motoni ngozi ikaze, na mlio unabadilika ilhali ngozi ni ileile. Kwenye kapsuli pia, mkazo wa kiwambo, nafasi iliyopo kati yake na bamba la nyuma, na matundu ya bamba hilo ndivyo vinavyoamua zaidi.

Wengine hudhani kapsuli yoyote kubwa itaingia kwenye maiki yoyote kubwa. Fungua kwanza uone. Maiki nyingi za bei ya chini zina kapsuli ndogo ya elektreti, yenye chaji yake ya kudumu, na saketi zake hazipeleki volti kwenye kapsuli. Ukiweka kapsuli ya kondensa halisi humo, utapata sauti hafifu mno au usipate kabisa. Kuzidisha volti nako kuna hatari: kiwambo huvutwa kikagandia bamba la nyuma.

Pima pia kipenyo, kwa kuwa za milimita 32 na 34 hazikai kwenye kishikizo kimoja. Zima umeme wa fantomu, ule unaopelekwa kwenye maiki kupitia kebo yake, na usubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua. Waya ufunge kwa skrubu yake, kwani joto la kulehemu likifika kwenye kiwambo limekiharibu.