Bibi amesahau chai ya asubuhi, Kitonga hajaisahau

Bibi yangu hapa Makete anasimulia basi lililofeli breki Mlima Kitonga, ule wa kona kali kule Iringa, alipokuwa msichana, mpaka rangi ya kitenge alichovaa. Chai aliyokunywa leo haikumbuki. Anatuigizia?

Hapana, mjukuu, haigizi. Basi likifeli breki kwenye zile kona, kijisehemu kidogo cha shina la ubongo, juu ya shingo kwa ndani, humwaga noradrenalini karibu ubongo mzima. Ni ndugu wa adrenalini. Humzindua mtu, kisha huiamuru akili: hili lishike. Huchochea amigdala, inayopima uzito wa tukio, na hipokampasi, inayopokea kumbukumbu mpya. Ndiyo maana siku ya hofu hudumu miaka hamsini.

Chai haina hofu. Na kama bibi ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, hipokampasi ni kati ya sehemu zinazochakaa mapema, kwa hiyo jambo la leo halina pa kushika. La Kitonga lilishasambaa kwingine ubongoni zamani.

Hicho kijisehemu kina jina?

Jina lake la Kilatini, locus coeruleus, lina maana ya mahali pa buluu, kutokana na rangi yake. Mimi naliita doa la buluu. Yapo mawili, kulia na kushoto, na seli zake zote ni kama 50,000 tu, katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Wachache hao ndio wanaoamsha mji mzima!

Linahusianaje na kusahau kwa wazee?

Mwaka 2011 Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake walieleza walichokiona kwenye ubongo wa marehemu wa rika mbalimbali: protini ya tau iliyoharibika, moja ya alama za Alzheimer, ilikuwa imeanza kujikusanya kwenye doa hilo hata kwa vijana. Si kila mwenye nayo ataugua. Lakini kwa anayeugua, seli hizo hufa kwa wingi, na umakini na usingizi huyumba. Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, nayo huziua. Tena, kwa panya wa maabara, noradrenalini huzisaidia seli za ulinzi kufagia uchafu wa amiloidi, protini nyingine inayorundikana kwenye Alzheimer. Ikipungua, uchafu hubaki.

Basi tumnunulie hiyo noradrenalini.

Msinunue. Ile ya dripu ya kupandisha presha kwa wagonjwa mahututi haivuki ukuta kati ya damu na ubongo. Zipo dawa nyingine zinazojaribiwa. Ya kurudisha kumbukumbu kwa njia hii bado haijathibitishwa.

Majirani huku Makete wanasema bibi karogwa.

Apimwe kwanza, maana kusahau kwingine kunatibika. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana tangu zamani kuwa ukanda wa rovu, yaani uvimbe wa shingo, kwa uhaba wa madini joto. Tezi ya shingo, inayoyahitaji madini hayo, ikilegea, mtu huwa mzito wa mawazo, hufunga choo, huhisi baridi (ingawa Makete mwezi wa Julai nani haisikii?). Kipimo cha damu huonyesha, na vidonge vipo. Muulizeni daktari pia kuhusu vitamini B12, sonona, kaswende, VVU na presha.

Ila akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku mbili, msingoje kliniki ya Jumatatu. Inaweza kuwa kiharusi, malaria au maambukizi ya mkojo. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.