Rangi ya Kinyozi Ijumaa, Uso Kuvimba Jumatatu

Mgonjwa huingia kliniki ya ngozi akiwa ameshusha kofia hadi kwenye nyusi. Akiivua, kope zimefura mpaka macho yamebaki vijistari, masikio yanatoa majimaji, na malengelenge yamejipanga kwenye paji la uso yakifuata ukingo wa nywele kama yaliyochorwa kwa rula. Umepaka nini? Hajapaka kitu. Kinyozi je, ulienda lini? "Ijumaa, daktari. Lakini hiyo rangi mimi hupaka miaka yote."

Haoni uhusiano kwa sababu siku tatu zimepita, na kwa sababu rangi ni ileile aliyoizoea. Kumbe mambo hayo mawili ndiyo yanayotufanya sisi madaktari wa ngozi tuishuku rangi kwanza.

Rangi nyingi nyeusi za kudumu zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa kifupi PPD. Ikichanganywa na peroksidi hupenya ndani ya unywele na kugeuka nyeusi isiyotoka kwa maji. Lakini chembe zake ni ndogo, na zinazopenya unywele hupenya ngozi pia. Kinga ya mwili huweza kukutana nayo mara nyingi bila kulalamika, kisha siku moja ikaamua kuwa huyu ni adui. Kuanzia hapo ina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo kwa kawaida haifutiki. Ukipaka tena, mzio huzuka baada ya saa 24 hadi 72, wakati umeshasahau habari ya kinyozi. Kwa hiyo "nimepaka miaka yote" haimaanishi kwamba uko salama. Maana yake ni kwamba ngozi yako imekutana na PPD mara nyingi.

Waliochorwa piko, ile iitwayo hina nyeusi, harusini wawe waangalifu zaidi. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa au kahawia, na huhitaji saa kadhaa kushika. Ile inayoshika nyeusi ti kwa muda mfupi mara nyingi ni rangi ya nywele iliyopakwa moja kwa moja kwenye ngozi, ikiwa na PPD nyingi kuliko inavyostahili. Msichana aliyechorwa piko utotoni akawashwa kidogo mkononi anaweza kuvimba uso mzima miaka kumi baadaye, siku ya kwanza anapopaka nywele rangi.

Nina neno na vinyozi wetu pia. Hapa Nairobi kunyoa si kunyoa tu: kuna mashine, kusugua uso, taulo ya moto, spiriti, kisha rangi, halafu masaji. Angalia mpangilio huo. Ngozi imekwanguliwa, ikasuguliwa na kupashwa moto, ndipo kemikali inapakwa juu yake. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika vinyozi vya jiji hili, ningetenganisha siku ya kunyoa na siku ya rangi.

Mteja akisema inachoma rangi ikiwa bado kichwani, asiambiwe avumilie kidogo ishike. Ioshwe papo hapo, na rilaksa vivyo hivyo. Huo mara nyingi si mzio bali ni ngozi inayoungua, na kila dakika ina gharama yake.

Mzio ukishazuka, osha kichwa na uso kwa maji mengi ya vuguvugu na sabuni laini, bila kusugua. Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, dakika kumi hadi kumi na tano, mara kadhaa kwa siku. Vaseline ya kawaida isiyo na manukato inatosha. Usipake ndimu, dawa ya meno, spiriti wala aftashevu. Nawasihi pia msikimbilie kemisti kununua ile tyubu "ya kila kitu". Nyingi zina steroidi kali isiyofaa uso bila usimamizi, na baadhi zina antibayotiki ambayo yenyewe huleta mzio. Vidonge vya kupunguza mwasho vitakusaidia kulala, ila uvimbe mkubwa huhitaji dawa ya kuandikiwa na daktari. Njoo na pakiti ya rangi, au angalau picha yake.

Macho yakifunga, usaha ukitoka au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ulimi ukivimba, pumzi ikibana au kizunguzungu kikikushika, hiyo ni dharura, usingoje hata saa moja.

Vitabu vingi vya tiba husema mtafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa; utaona rangi ya zambarau, kijivu, au weusi uliozidi. Gusa: je, pana joto, pamekakamaa, panawasha? Baada ya kupona hubaki madoa meusi kwa miezi kadhaa. Hayo si makovu, ni rangi ya ngozi iliyozidi tu, nayo hufifia polepole ukiyakinga na jua. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kununua krimu za kung'arisha. Zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku na shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lakini bado zinauzwa kwa kificho.

Ambaye hajawahi kupata mzio ajaribu rangi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kikunjo cha kiwiko, kwa kufuata maelezo ya pakiti, saa 48 kabla. Aliyewahi kuvimba asijaribu nyumbani; kipimo chake hufanywa kliniki. Na asidanganywe na maneno "bila amonia": amonia na PPD ni vitu viwili tofauti.

Kinyozi mwenyewe, ambaye viganja vyake hupasuka akadhani ni baridi ya Julai, avae glavu za naitrili. Za mpira wa kawaida hupitisha PPD.

Wanaoniuliza watafichaje mvi baada ya mzio, huwa nawaelekeza mtaa wa Eastleigh wakawatazame wazee wanaopita na ndevu nyekundu za hina halisi. Wengi hucheka. Wachache hurudi wamezipaka.