Moyo ukisimamishwa kwenye upasuaji, mgonjwa hajafa
Hapa Kigoma, mgonjwa akipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kupasuliwa moyo, wengi huamini kwamba moyo ukisimamishwa anakufa, kisha anafufuliwa. Hofu hiyo inaeleweka. Ila muda huo mashine ndiyo inayosukuma damu na kuitia oksijeni, jambo lililofanikiwa kwa binadamu tangu 1953, na ubongo unaendelea kupata damu. Moyo husimamishwa kwa dawa yenye potasiamu nyingi, mara nyingi ya baridi, ili misuli yake itumie oksijeni kidogo. (Na si kila upasuaji wa moyo huusimamisha.) Mbinu hizi huchunguzwa kwa wanyama kama nguruwe na panya, lakini kilichomfaa nguruwe huenda kisimfae mtu. Ukisoma habari za dawa mpya ya kulinda moyo, tazama kwanza: imejaribiwa kwa watu, au kwa wanyama tu?