Nyumba umeihama, bima inajua?

Mteja wangu mmoja alihama Mbezi Beach mwezi wa kwanza, akaiweka nyumba sokoni, bima akaendelea kulipia. Mwezi wa tano wezi wakaingia, wakang'oa viyoyozi viwili, mota ya pampu na nyaya za darini. Kampuni ikakataa dai lake. Hakuamini, maana risiti zote alikuwa nazo.

Mikataba mingi ya bima ya nyumba ina kifungu cha nyumba isiyokaliwa. Ikipita siku kadhaa mfululizo bila mkaaji, mara nyingi 30, kinga ya wizi na ya bomba kupasuka husimama, wakati mwingine hata ya moto, mpaka kampuni ijulishwe na ikubali. Bei uliyopewa ilipigiwa hesabu nyumba yenye watu, taa na kelele za watoto. Na mlinzi anayelala kibandani getini usimhesabu kama mkaaji kabla hujausoma mkataba wako.

Kwa hiyo siku unayopakia vyombo kwenye fuso, andika barua. Wakala akikwambia kwa simu "hamna shida bosi", mwombe aiandike hiyo hamna shida. Kampuni inaweza kuongeza malipo, na inaweza kutoa masharti: maji yafungwe kwenye mita, meni swichi izimwe, mtu akague kila wiki na kusaini daftari. Ukikubali daftari, lijazwe kweli. Nimeshaona daftari la miezi mitatu lililoandikwa kwa kalamu moja, siku moja.

Mkaguzi huyo asiishie getini. Afungue madirisha, hewa ya bahari inakula vitasa na bawaba kimyakimya. Amwage maji kwenye kila sinki na choo, kwa sababu maji yanayokaa kwenye kona ya bomba yakikauka, harufu ya shimo na mende hupanda ndani, na mnunuzi akiingia anageuka mlangoni. Kabla ya masika azoe majani kwenye mifereji ya paa, la sivyo utakuta jipsamu ina ramani ya Afrika. Mchwa nao hawasubiri dalali.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa unaponunua umeme. Nyumba tupu hainunui, deni linajikusanya, na mnunuzi akiweka elfu kumi anapata yuniti za kuwashia taa tu. Nunua kidogo kila mwezi.

Funguo ndiyo sehemu ninayogombana na wateja. Bima ya wizi kwa kawaida hudai dalili za kuvunja. Yule wa Mbezi Beach alikuwa amegawa funguo kwa madalali watatu, na mmoja alimwazima fundi. Polisi walikuta kufuli la geti likiwa zima, limefungwa vizuri.