Kukwea Miamba Ughaibuni Msimu wa Baridi kwa Bajeti Ndogo: Dhana Potofu na Ukweli

Msimu wa baridi tiketi hushuka, vyumba hubaki wazi, na njia za kukwea ambazo wakati wa joto zina foleni unazikuta hazina mtu. Ndiyo maana wakweaji wenye mfuko mwembamba huzikimbilia tarehe hizo. Wanaorudi bila kukwea lolote la maana mara nyingi hawakushindwa na baridi yenyewe, bali na mambo waliyoyaamini kuhusu baridi.

"Utabiri unasema nyuzi 5, hapapandiki"

Namba ile ni ya hewa iliyopimwa kivulini, na mara nyingi ni ya mji ulio bondeni. Ukuta unaotazama jua na kukingwa na upepo unaweza kupandwa kwa fulana siku ambayo mjini watu wamevaa makoti. Saa moja baada ya jua kuuacha, ukuta uleule haukaliki. Kwa hiyo nyuzi zije baadaye. Kwanza ulizia ukuta unatazama wapi, jua linaufikia kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na upepo wa siku hiyo unatoka upande gani. Katika kizio cha kaskazini tafuta kuta zinazotazama kusini. Ukivuka ikweta, geuza.

Kimo nacho kina neno. Kila mita 100 unazopanda hupunguza takriban nyuzi 0.65, hivyo mwamba ulio mita 800 juu ya mahali unapolala una baridi ya nyuzi 5 zaidi. Siurana, Uhispania, iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Anayeichagua Januari kwa hoja kwamba "Uhispania kuna joto" atatetemeka, wakati El Chorro, kusini kabisa karibu na Málaga, watu wanapanda kama kawaida.

Halafu kuna mtego wa mabonde. Katika latitudo ya 37 kaskazini, ambako ndiko ziliko El Chorro na Leonidio ya Ugiriki, jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba halipandi zaidi ya digrii 30 hivi kutoka upeo wa macho. Ukuta unaweza kutazama kusini barabara na bado usipate jua, kwa sababu mlima wa ng'ambo umelikinga. Kipimo ni mkono wako: unyooshe mbele, kunja ngumi, ngumi moja ni digrii 10 hivi. Simama chini ya ukuta ukitazama kusini, pandanisha ngumi tatu kuanzia usawa wa macho. Kilele cha ng'ambo kikiizidi ngumi ya tatu, Desemba yote hapo ni kivuli.

"Baridi ikizidi, mshiko unazidi"

Hii ina ukweli nusu. Ngozi isiyotoa jasho na hewa kavu huongeza msuguano, na ndiyo sababu Fontainebleau, Ufaransa, hujaa watu miezi ambayo wengine wamejifungia ndani. Lakini raba ya kiatu ikipoa mno hukakamaa na kuteleza kwenye vijishikio vidogo, na kidole kilichokufa ganzi hakijui kimeshika nini. Mkweaji asiyehisi hubana kupita kiasi, misuli ya mkono inajaa na kuchoka mapema, na mshipi wa kidole (utepe unaoshikilia kano kwenye mfupa) huweza kuchanika bila onyo.

Viatu vikae ndani ya jaketi mpaka dakika ya kuvivaa. Njia ya kwanza iwe rahisi, na uipande polepole mpaka vidole vigande kisha damu irudi. Kurudi huko kunauma, tena kunauma kweli, lakini kwa watu wengi kukishapita mikono hubaki na joto kwa muda mrefu. Anayeruka hatua hii na kuingia moja kwa moja kwenye njia ngumu hupatwa na maumivu hayo katikati ya ukuta, bolti (chuma kilichokazwa mwambani cha kunasia kamba) iko chini ya miguu.

"Haijanyesha, basi mwamba mkavu"

Hapa ndipo siku nyingi hupotea. Baada ya siku kadhaa za baridi kali, jiwe lenyewe linakuwa limepoa hadi ndani. Ikiingia hewa yenye joto na unyevu, maji hujitengeneza juu ya jiwe kama yanavyojitengeneza kwenye chupa iliyotoka kwenye friji. Mvua haikunyesha hata tone, na ukuta wa kivulini unachuruzika. Chaki ya kupaka mikononi haisaidii, inageuka uji. Hamia ukuta wenye jua na upepo, au pumzika.

Mawe ya chokaa yana tabia yake. Uso wa ukuta wima hukauka haraka, pengine saa chache tu, lakini sehemu zilizoinamia nje, zenye michirizi minene kama mishumaa iliyoyeyuka, huanza kuvuja siku kadhaa baada ya mvua kubwa, maji yakishapenya ndani ya mlima. Unaweza kufika anga likiwa jeupe ukakuta njia bora zote zinavuja.

Jiwe la mchanga ni suala la adabu na la usalama pia. Likilowa hupoteza nguvu: vijishikio huvunjika na vifaa vya kujikinga vilivyopachikwa humo huweza kung'oka. Red Rock, karibu na Las Vegas, wakweaji husubiri siku moja hadi tatu baada ya mvua, kutegemea imenyesha kiasi gani na jua limewaka vipi. Usidanganywe na uso wa jiwe. Chimba udongo wa chini ya ukuta kwa kidole: ukiwa na unyevu chini ya tabaka la juu, jiwe nalo bado halijakauka ndani.

Kamba iliyolowa hupungua nguvu, huwa nzito, na ikiganda hukakamaa kama waya. Kifaa cha kushikia kamba ili mwenzako asianguke, hata kile cha kujifunga chenyewe, hakitegemeki juu ya kamba yenye barafu. Siku ya namna hiyo imekwisha.

"Mwenye baridi ni aliye juu"

Aliye juu anafanya kazi. Anayeganda ni mshika kamba, anayesimama dakika 30 juu ya jiwe akiangalia juu, na mikono yake ndiyo inayoshikilia uhai wa mwenzake. Basi jaketi nene kuliko yote ni lake: kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya nguo zote bila kuvua hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungiwa kamba), na lisiifunike pete ya hanesi wala kuingia kwenye kifaa. Jaketi moja likipokezanwa linatosha wawili, na hapo pesa imeokolewa. Ongeza glavu za ngozi zisizobana, na kipande cha mkeka wa sponji cha kukanyaga. Baridi nyingi huingilia nyayoni. Pamba isiguse ngozi. Ikilowa jasho wakati wa kutembea kuelekea mwambani, hukaa na maji hayo hadi jioni. Polista au sufu nyembamba ndiyo ya ndani.

"Hema ni nafuu kuliko chumba"

Wakati wa joto, ndiyo. Mwishoni mwa Desemba, latitudo 37 kuna mwanga wa saa 9 na nusu tu. Saa 14 na nusu zilizobaki utazikaa wapi? Ndani ya hema nguo hazikauki, gesi inakwisha, na siku ya tatu mtu anakimbilia hoteli ya kwanza anayoiona, kwa bei yoyote. Nyumba yenye jiko na kipasha joto, ikigawanywa kwa wanne, mara nyingi hutoka nafuu. Ila hakikisha mahali penyewe pako wazi: Kalymnos, Ugiriki, nyumba nyingi za wageni na mikahawa hufungwa katikati ya majira hayo.

Kwa watakaolala nje hata hivyo, pesa iende chini ya mgongo kabla ya kwenda juu. Uwezo wa mkeka kuzuia baridi huandikwa kwa herufi R, na namba hizo hujumlishwa: wa sponji wenye R 2 chini ya wa upepo wenye R 2.5 ni 4.5, wa kutosha usiku unaokaribia sifuri. Kwenye mfuko wa kulalia soma kiwango cha kulala kwa raha. Kile kiwango cha mwisho, chenye namba ya kuvutia, kinahusu kunusurika tu, wala si usingizi.

"Gesi yoyote itawaka"

Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi ya barafu inabaki kioevu ndani ya kopo na moto wa jiko unasuasua tu. Isobutani huchemka kwenye takriban 12 chini ya sifuri, propani 42 chini ya sifuri. Nunua mchanganyiko wa hizi mbili. Tena kopo hujipoza lenyewe kadiri gesi inavyotoka, ndiyo maana moto unaoanza vizuri hufifia. Lisimamishe ndani ya sufuria yenye maji ya vuguvugu yenye kina cha vidole viwili, na lisipashwe kwa moto kamwe. Jiko lisiwashwe ndani ya hema au gari lililofungwa: monoksidi ya kaboni haina harufu, na wanaolala nayo hawaamki. Ndege hazipokei makopo ya gesi, si kwenye mzigo wa mkononi wala wa chini, kwa hiyo panga kuyanunua huko huko siku ya kwanza.

"Mitumba ni mitumba, kikubwa bei"

Karabina (pete ya chuma yenye mlango) ya mtumba unaweza kuikagua kwa macho na mkono: mlango wake ujifunge wenyewe, usiwe na ufa wala mfuo uliochimbwa na kamba. Kamba, hanesi na mikanda ya kwikidro (karabina mbili zilizounganishwa kwa mkanda mfupi, za kunasia kamba kwenye bolti) ya mtu usiyemjua, acha. Nailoni iliyoguswa na asidi ya betri inaweza isionyeshe alama yoyote. Kwa wawili, vya pamoja ni kamba ya mita 70 (kilo 4.4 hivi) na kwikidro 12 (kilo 1.2), na kila mmoja kilo 1.6 hivi za hanesi, viatu, helmeti na kifaa. Jumla haifiki kilo 9, kwa hiyo begi moja la kulipia hutosha. Helmeti isiachwe ili kupunguza uzito: maji yaliyoganda kwenye nyufa usiku huachia mawe jua linapoanza kuugusa ukuta.

"Nina bima ya viza, nimeshamaliza"

Bima ya viza ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya, lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, lakini inaweza kuutaja ukweaji wa kamba miongoni mwa yasiyolipiwa. Tafuta maneno matatu kwenye mkataba: ukweaji, kikomo cha kimo, na gharama za utafutaji na uokoaji, helikopta ikiwemo. Lisipoonekana hilo la tatu, liulizie kwa maandishi kabla ya kulipa, na namba ya dharura ya kampuni uiandike kwenye karatasi iliyo ndani ya begi, kwa kuwa simu kwenye baridi huzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30.