Je, wajua kwa nini hata asiyeumwa hupewa dawa ya mabusha?

Mgawa dawa anakusimamisha kando ya fimbo yenye alama. Mtu mzima mrefu anapata vidonge vinne vya ivermectin na kimoja cha albendazole. Mtoto aliyevuka sentimita 90 kidogo anapata kimoja kimoja. Aliye chini ya hapo haguswi, wala mjamzito. Hiyo ndiyo kingatiba, na swali vijijini Lindi na Mtwara ni lile lile: mimi siumwi, ninywe ya nini?

Jibu limo kwenye damu yako, tena ya usiku. Matende na mabusha hutokana na minyoo wembamba kama uzi wanaosambazwa na mbu. Madafu hayahusiki kabisa, ingawa sisi wa pwani tumekua tukiambiwa ndiyo chanzo. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mirija ya limfu, wakizaa kwa miaka. Watoto wao mchana hujificha ndani ya mapafu. Usiku hutoka na kuzagaa kwenye damu karibu na ngozi, wakati mbu wanauma. Ndiyo maana wapimaji huchukua damu kati ya saa nne na saa nane usiku. Unaweza kuwabeba miaka mingi bila kuvimba popote, huku mbu akiwatoa kwako na kuwapeleka kwa mwanao.

Vidonge huua hao watoto. Wakubwa wengi hubaki, kwa hiyo dawa hurudiwa kila mwaka, angalau miaka mitano.

Na hulipi hata senti. Kampuni ya Merck ilianza kutoa ivermectin bure mwaka 1987 kwa ajili ya usubi, yaani upofu wa mtoni, na mwaka 1998 ikaongeza matende. Albendazole hutolewa bure na GlaxoSmithKline.

Ila busha likishajaa maji, vidonge havilirudishi. Linataka upasuaji, ambao hospitali ya wilaya inaweza kuufanya, na mara nyingine wafadhili hugharamia kambi za kuwapasua wengi kwa mpigo. Kwetu hilo ni suala la riziki. Kuokota korosho ni kuinama kutwa. Mwenye busha kubwa hawezi kuinama, hawezi kukalia baiskeli apeleke gunia ghalani, na wengine huacha hata kwenda msikitini kwa aibu. Kama una baba au mjomba wa namna hiyo, mwambie faraghani akapasuliwe kabla msimu haujaanza, ili kidonda kipate wiki zake za kupona.